Mama Lipka na Saa ya Njiwa

Ottilie Lipka alikuwa na mbuzi mmoja, bustani moja na mume mmoja, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba kati ya hivyo vitatu ni mbuzi peke yake aliyesikia anachoambiwa. Alikuja Ruhr, bonde la makaa magharibi mwa Ujerumani, kutoka Masuria, mashariki ya mbali, mwaka 1903, binti wa miaka ishirini, siku mbili ndani ya treni amepakata godoro la manyoya ya bata. Alimfuata Gottlieb, aliyekuwa ametangulia kuchimba makaa. Wakapewa nyumba ya kampuni katika mtaa wa Hasselheide, nyumba za matofali zilizopangana safu kwa safu, kila moja na kibanda cha mbuzi nyuma. Nguo nyeupe ukizianika asubuhi, jioni unaanua za kijivu. Alizoea. Mtu huzoea.

Gottlieb alikuwa mtu wa maneno machache na njiwa wengi. Watu wa mgodini karibu wote walikuwa hivyo, maana mtu akishinda saa nane chini ya ardhi, akitoka anataka kitu cha kumfanya atazame juu. Walikuwa na chama chao cha kushindanisha njiwa, wanaoachiwa mbali ili ionekane yupi anawahi kurudi kwao, kiliitwa Rudi Nyumbani, na chama kilikuwa na kitabu cha kanuni, na Gottlieb alikijua kitabu hicho kuliko alivyozijua nyimbo za kanisani.

Kanuni iliyomgusa zaidi ilikuwa ya tisa, nayo ilihusu saa. Kila mwanachama alikuwa na saa ya njiwa: kisanduku cha mbao, ukubwa wake kama mkate, na mitambo ndani. Njiwa akirudi kutoka mbali, unamvua pete ya mpira mguuni, unaitumbukiza tunduni, unashusha mkono wa shaba, na karatasi iliyo ndani inapigwa chapa ya dakika aliyofika. Sasa, ili mtu asichezee mishale, kisanduku kilifungwa waya na kugandishwa lakiri nyekundu. Lakiri ile haikubanduliwa na mwenye saa. Ilibanduliwa na kamati ya watu watatu, basi. Na kila majira ya kuchipua, kabla ya mashindano, saa zote zilitegeshwa pamoja, zikafungwa, zikakaa siku saba majumbani, halafu zikafunguliwa mbele ya wote ili ijulikane ipi inachelewa.

Mwaka 1914 lakiri ya Bernhard ilikutwa imepasuka. Bernhard alikuwa shemeji yake Dahlkamp, mwenyekiti wa chama na mwenye baa. Alisema mtoto aliiangusha, na wote walikuwa tayari kusamehe. Gottlieb akasimama na kitabu mkononi. Bernhard akatolewa kwa mwaka mzima. Tangu siku ile Dahlkamp alimuuzia Gottlieb bia bila kumsalimu.

Kisha vita vikaja, vikaondoka na watu. Vilipokwisha, mfalme alikuwa amekimbilia Uholanzi, jeshi limesambaratika, na serikali mpya haina askari wa kuitegemea. Ikaita watu wa hiari. Wakaja: maafisa waliobaki na magwanda bila majeshi, wanafunzi waliokosa vita wakaona wivu, na vijana wa mashambani ambao shamba la baba limekwenda kwa kaka mkubwa. Kila kikosi kilimtii aliyekikusanya kuliko kilivyoitii serikali. Walizima maasi mjini Berlin, wakazima Munich, na popote walipopita waliacha kuta zenye matundu. Ndipo Machi 1920 baadhi yao wakaigeukia serikali ile ile iliyokuwa ikiwalisha, wakaingia Berlin kuipindua. Nchi nzima ikaacha kazi, na siku ya tano mapinduzi yakafa. Lakini huku Ruhr wafanyakazi hawakuishia kuacha kazi. Walishika bunduki, wakawafukuza askari, wakashika miji kwa majuma kadhaa. Serikali iliporudi kitini ikataka kuwazima. Ikamtuma nani? Wale wale watu wa hiari.

"Ni kama paka aliyekunywa maziwa kupewa kazi ya kulinda siagi," alisema Ottilie, na jirani yake, Mama Sobotta, akamwambia apunguze sauti.

Gottlieb hakushika bunduki. Si kwa woga. Njiwa walikuwa wameanza kutaga. Lakini wapo wa mtaa ule walioshika, na Jumanne baada ya Pasaka watatu walikamatwa, wakasimamishwa kwenye ukuta wa tanuri la matofali, wakapigwa risasi. Mmoja alikuwa mume wa Mama Sobotta.

Kesho yake, Jumatano, watu wa hiari walianza kupekua nyumba kwa nyumba kutafuta silaha. Ottilie alikuwa anamenya viazi. Waliingia wanne, mbele yao sajini mnene mwenye lafudhi ya Bavaria, Moosrainer jina lake. Walitazama chini ya kitanda, ndani ya jiko, mpaka kibandani kwa mbuzi, na mbuzi akamla mmoja wao ukingo wa koti.

"Mama, mzuie huyu mnyama wako!"

"Mzuie mwenyewe, wewe ndiye mwenye bunduki."

Sajini alikuwa karibu kucheka. Kisha akainua kidole. "Nyamazeni. Nini hicho kinagonga?"

Kabatini, chini ya mashuka, kitu kilikuwa kinapiga ti, ti, ti. Walifungua wakakuta kisanduku: hakina uso, hakina mishale, kimefungwa waya, kimegandishwa lakiri nyekundu.

"Hata lakiri yao nyekundu, kama bendera zao," akanong'ona askari mmoja, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Hapo Gottlieb akateremka kutoka darini, bega lina kinyesi cha njiwa. "Msikiguse hicho," akasema. Hilo la kwanza, nalo lilikuwa baya. Sajini akamwambia afungue. "Haiwezekani, afande. Kinafunguliwa Jumapili." Hilo la pili.

"Jumapili kuna nini?"

"Kamati."

Basi! Katika juma lile, katika mji ule, hakuna neno ambalo watu wa hiari walilichukia kama hilo, maana waasi waliitawala miji kwa kamati. Wakamfunga mikono. Kisanduku kikafungwa ndani ya godoro la manyoya, lile lile la kutoka Masuria, kikapakiwa kwenye toroli ya bustani, na askari mmoja akakisukuma barabara nzima mpaka shuleni, walikopiga kambi, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayebeba choo cha mgonjwa.

Ottilie alifuata na aproni yake. Kisu cha viazi alikuwa bado amekishika. Walinzi walimnyang'anya getini.

Kamanda pale alikuwa Luteni Thalhofer, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa sheria, shingo nyembamba ndani ya kola kubwa. Kisanduku kilikuwa katikati ya uwanja wa shule, na askari wamelala nyuma ya magunia ya mchanga. Kwa mbali ungedhani wanavizia kifaru.

"Mumeo anasema ni saa ya njiwa," Luteni alimwambia. "Vizuri. Nimemwambia aifungue, ninyi mwende zenu. Amekataa. Mtu anayeogopa kufungua saa yake mwenyewe anajua ina nini ndani. Kengele ya saa sita ikilia haijafunguliwa, anakwenda ukutani."

"Nitaifungua mimi, bwana Luteni. Sasa hivi."

"Sitaki mwanamke alipuke katika uwanja wangu."

Na kutoka dirisha la darasa la kwanza sauti ya Gottlieb ikaja, ikimwita mkewe kwa jina la nyumbani: "Tilla! Usiiguse! Kanuni ya tisa!"

Miaka mingi baadaye Ottilie alikuwa akisema, kama wangemwazima bunduki dakika ile, angewapunguzia kazi.

Walimruhusu kuzungumza naye dirishani. Gottlieb alikuwa amekalishwa kwenye dawati la watoto, magoti yamemgusa kidevu. Ottilie alimtukana kwanza kwa Kimasuria, kisha kwa Kijerumani, ili asikose kuelewa. Alimaliza, akavuta pumzi, ndipo mumewe akasema polepole:

"Nilimtoa Bernhard kwa jambo hili hili. Ikawa kiangazi chake cha mwisho, alikaa uani anatazama njiwa wa wenzake. Halafu vita, akafia Verdun. Leo nikiivunja kwa ajili ya shingo yangu, Tilla, basi nilimwonea."

Ottilie alitazama saa ya ukutani darasani: saa nne na dakika kumi. "Usiende popote," akamwambia, jambo ambalo baadaye liliwachekesha sana, akaondoka mbio.

Baa ya Dahlkamp ilikuwa imefungwa mbao madirishani. Alimkuta mwenyewe chini, ghalani, amejibanza kati ya mapipa. Alikuwa mzee wa masharubu mazito, na hakuinuka.

"Mwenyekiti, wanataka kumpiga Gottlieb risasi."

"Kwa kosa gani?"

"Amekataa kufungua saa bila kamati."

Dahlkamp alicheka, cheko fupi, halina furaha. "Mzee wa Kanuni. Acha kanuni imlinde. Dada yangu ni mjane leo, Mama Lipka. Unajua Bernhard aliniandikia nini kutoka Verdun? Hakuuliza habari za mkewe. Aliuliza, je, njiwa wangu yule wa rangi ya majivu yu hai?"

"Ndiyo sababu hataki kuivunja."

"Nini?"

"Anasema akiivunja leo, basi Bernhard alikaa uani bure. Haya, nimekuambia. Mimi mwenyewe ningeivunja kwa shoka."

Pipa moja lilikuwa linadondosha, na Ottilie alihesabu matone kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Kisha Dahlkamp akainuka, magoti yakalia.

"Ngoja nivae koti."

"Mwenyekiti, tafadhali! Saa sita!"

"Kamati haiendi bila koti."

Akapanda kuvaa koti jeusi la Jumapili. Akatafuta kitabu cha kanuni. Akatafuta koleo. Ottilie alisimama chini ya ngazi ameuma kona ya aproni. Wakatoka, wakampitia Nieswandt, fundi viatu mwenye mguu mmoja, mjumbe wa pili. Naye alikataa kwenda bila kola, na kola ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati. Mjumbe wa tatu alikuwa Kalla, lakini Kalla alikuwa miongoni mwa waliobeba bunduki, na wakati huo alikuwa ameshavuka mto Rhine kwenda upande unaoshikwa na majeshi ya Waingereza.

Ilikuwa saa sita kasoro robo walipofika getini: wazee wawili wa koti jeusi, mkongojo mmoja, na mwanamke wa aproni.

"Hawa nani?" akauliza Luteni.

"Kamati," alisema Dahlkamp, akavua kofia.

Sajini Moosrainer alijishika uso kwa mkono.

Gottlieb aliletwa uwanjani, mikono imefungwa. Aliwatazama waliokuja, na Ottilie aliona midomo yake ikisogea. Alikuwa anahesabu.

"Mko wawili," alisema Gottlieb.

"Kalla hayupo, unajua hayupo," alisema Dahlkamp.

"Kanuni inasema watatu."

"Jamani, huyu mtu anataka kufa?" alisema Sajini.

"Lakini yuko sahihi," alisema Luteni. Yalimtoka kabla hajajua. Alipoona watu wote wamemgeukia alikohoa. "Kama imeandikwa watatu, wawili hawatoshi. Lete hicho kitabu."

Akakisoma pale pale amesimama, kanuni ya tisa yote, kwa makini, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Huenda tangu avae gwanda hakuwa ameona karatasi yenye sheria. Jua lilikuwa juu kabisa. Mnara wa kanisa ulionekana juu ya paa, na Ottilie hakuthubutu kuutazama.

"Mwenyekiti aweza kujaza nafasi ya mjumbe asiyekuwepo," alisoma Luteni. "Nani?"

Dahlkamp hakufikiri hata kidogo. "Namteua Ottilie Lipka."

"Mwanamke?" alisema Gottlieb.

"Wewe ndiye unayekijua kitabu. Wapi kimekataza mwanamke?"

Gottlieb alifunga macho. Watu wote wakangoja, pamoja na wale waliolala nyuma ya magunia, huku yeye akipitia kanuni kichwani, moja moja, mpaka ya ishirini na sita. Akafumbua macho.

"Hakuna."

"Basi funga mdomo," alisema mke wake.

Aliweka mkono juu ya kitabu, akaahidi kusema kweli. Watatu wakatembea mpaka katikati ya uwanja. Askari wakainamisha vichwa. Nieswandt alishika kisanduku, Dahlkamp akakata waya, na lakiri ikabanduka ikaanguka vumbini, kipande chekundu kisichozidi kifungo cha koti. Kifuniko kikainuliwa. Ndani kulikuwa na magurudumu ya shaba, utepe wa karatasi, na uso mdogo mweupe wa saa. Ti, ti, ti.

"Mjumbe wa tatu asome," alisema Dahlkamp.

Ottilie aliinama. Macho yalikuwa yamejaa maji, akayafuta kwa aproni. "Saa tano na dakika arobaini na saba."

Luteni alitoa saa yake mfukoni. "Sasa hivi ni saa tano na dakika hamsini na moja."

Kisha sauti ya Gottlieb, ambayo haikutetemeka ilipotajwa ukuta, ikatetemeka.

"Dakika nne! Haiwezekani! Saa yangu haijawahi kuchelewa dakika nne!"

Sajini ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akishika tumbo, na wale wa nyuma ya magunia wakainuka mmoja mmoja wakijipangusa magoti, wakicheka kwa aibu.

"Ni toroli, afande!" akapaza sauti Gottlieb. "Wameisukuma juu ya mawe barabara nzima! Iandikwe kwamba ilisukumwa kwa toroli, la sivyo Jumapili nitahesabiwa vibaya."

Na Luteni Thalhofer, ambaye robo saa kabla alikuwa tayari kumuua, akatoa karatasi akaandika: saa hii ilisukumwa kwa toroli umbali wa kilomita moja na nusu, juu ya barabara mbovu, kwa amri ya kijeshi. Akatia sahihi. Akaamuru mikono ifunguliwe. Hakuomba radhi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto.

Sajini aliwasindikiza mpaka getini, akamrudishia Ottilie kisu chake cha viazi na godoro lake.

"Wewe baba mzima, nani kakuleta huku?" Ottilie alimuuliza.

"Njaa, mama. Shamba kachukua kaka." Akatazama upande wa tanuri la matofali, halafu akatazama viatu vyake. "Mfungie huyu ndani mpaka tuondoke."

Kengele ya saa sita iliwakuta barabarani. Mlio wa kwanza tu, Ottilie akakaa chini kwenye ukingo wa barabara juu ya godoro, akacheka, akalia, akacheka tena, na Gottlieb akasimama kando amekumbatia kisanduku chake, hajui afanye nini, mpaka alipoketi naye. Milio yote kumi na miwili waliisikiliza pale. Ilipokwisha bado walikuwa wawili.

Dahlkamp aliwapita na koti lake jeusi. Alisimama. Akagusa kofia.

"Habari za mchana, Lipka."

"Nzuri, mwenyekiti," alisema Gottlieb, baada ya miaka sita.

Walipofika mtaani kwao Ottilie alifuta uso. Mlango wa Mama Sobotta ulikuwa wazi na kioo cha kujitazamia kimefunikwa kitambaa cheusi cha msiba. Furaha yake aliificha chini ya aproni mpaka alipopita, akaingia ndani, akamaliza kumenya viazi, na supu ya siku ile akaigawa nusu kwa nusu. Nusu aliipeleka jirani, wakala pamoja.

Jumapili chama kilipokea karatasi ya Luteni, kikaijadili saa nzima, kikaikubali. Watu wa hiari waliondoka, na baadaye vikosi vyao vikavunjwa kwa amri ya serikali. Vikosi tu, si watu. Baada ya miaka kumi na kitu wengi wao walionekana tena, wamevaa mashati ya kahawia ya chama kilichotwaa nchi, na safari ile hakuna kitabu cha kanuni kilichowazuia. Ottilie aliyaona hayo pia. Lakini furaha yake ya Jumatano ile hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kalla aliporudi kutoka ng'ambo ya Rhine alitaka kiti chake katika kamati. Wakampa cha mtunza vikombe vya ushindi. Cha kubandua lakiri kilikuwa kina mtu.

Gottlieb alikufa mwaka 1951, kitandani, kifua kimejaa vumbi la makaa, mke wake ameshika mguu wake maana alisema mguu ndio unaoona baridi. Ilikuwa Aprili, katika siku saba za kujaribu saa. Majirani walikuja wakafungua dirisha, na kama desturi ilivyo nyumba ikifiwa, mmoja akapita akisimamisha saa: ya ukutani, ya jikoni, ya mfukoni. Kabatini kulikuwa bado kunapiga ti, ti, ti.

"Na hiyo?" wakamuuliza.

"Hiyo iacheni," alisema Ottilie. "Hiyo ni ya kamati."

Waliifungua Jumapili, siku mbili baada ya mazishi. Alisoma mwenyewe, amevaa miwani. Ilikuwa imechelewa nusu dakika tu.